Mchezo ni Sehemu ya Makuzi: Elimu ya Viungo na Afya ya Mtoto wa Shule ya Msingi

Utangulizi

Katika shule nyingi za msingi nchini Tanzania, ratiba iliyobandikwa ukutani huonesha kipindi cha michezo. Hata hivyo, kuandikwa kwa kipindi ni jambo moja na kufundishwa kwake ni jambo jingine. Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne au Mtihani wa Kumaliza Elimu ya Msingi unapokaribia, kipindi hicho huwa cha kwanza kugeuzwa kuwa cha Hisabati au cha Kiingereza. Mapumziko nayo hufupishwa, na mtoto aliyechelewa kumaliza zoezi huzuiwa kutoka nje wakati wenzake wakicheza. Wanaofanya hivyo huwa na nia njema: wanamtakia mtoto ufaulu. Swali la makala haya ni iwapo njia hiyo kweli humfikisha mtoto kwenye ufaulu, na ni gharama gani ya afya inayolipwa njiani.

Makala haya yamekusudiwa kwa walimu, wazazi, wajumbe wa kamati za shule na watumishi wa afya wanaotembelea shule. Baada ya kuyasoma, msomaji anatarajiwa aweze kueleza jinsi mchezo unavyojenga mwili, akili na mahusiano ya mtoto. Kutaja kiasi cha mazoezi ambacho mtoto anakihitaji kwa siku. Kupanga kipindi cha michezo kwa darasa kubwa lisilo na vifaa. Na kutambua dalili za ugonjwa zinazojitokeza mtoto anapocheza.

Mchezo na elimu ya viungo: maana na tofauti

Maneno haya mawili hutumiwa mara nyingi kana kwamba yana maana moja, ingawa kila moja lina nafasi yake. Mchezo huru ni ule ambao watoto hujichagulia wenyewe, hujiwekea kanuni na huuacha wanapochoka. Kombolela, rede, mdako, gololi, kuruka kamba na chandimu ya mpira wa matambara ni mifano iliyozoeleka mitaani na vijijini. Elimu ya viungo ni somo. Lina malengo, hatua na tathmini, na huongozwa na mwalimu ili kila mtoto, pamoja na yule asiyechaguliwa na wenzake, ajifunze kukimbia, kuruka, kurusha, kudaka na kujimudu. Somo hili limebadilika majina katika mitaala yetu. Wapo walimu wanaolikumbuka kwa jina la Haiba na Michezo.

Mtoto anahitaji vyote viwili. Mchezo huru pekee humwacha nyuma mtoto mwenye haya au mwenye ulemavu, kwa kuwa wenzake hawalazimiki kumpa nafasi. Elimu ya viungo pekee, ikiwa mara moja kwa juma, haitoshi kwa mahitaji ya mwili unaokua.

Haki ya mtoto kucheza imetambuliwa pia kisheria. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unatamka katika Ibara ya 31 haki ya mtoto ya kupumzika, kujiburudisha na kucheza kulingana na umri wake.

Mchezo na ujenzi wa mwili

Mfupa wa mtoto ni tishu hai inayojijenga kulingana na mzigo unaoubeba. Kila mara mtoto anaporuka kamba na kutua, mfupa hupokea mshtuko mdogo, na seli zake huitikia kwa kuongeza madini mahali panapohitajika. Zaidi ya robo ya madini ya mifupa ya mtu mzima huwekwa katika miaka michache inayozunguka kilele cha ukuaji wa kubalehe. Kwa wasichana wengi, miaka hiyo huanza wakiwa bado shule ya msingi. Akiba ya mifupa isiyowekwa wakati huo ni vigumu kuifidia baadaye, na upungufu wake huonekana uzeeni, nyonga inapovunjika kwa kuanguka kidogo tu.

Moyo na mapafu navyo hufuata kanuni hiyohiyo. Moyo unaozoezwa husukuma damu nyingi zaidi kwa pigo moja, na misuli inayofanya kazi hutumia sukari ya damu kwa ufanisi. Shinikizo la damu na kisukari cha ukubwani huonekana kama magonjwa ya watu wazima, lakini mwenendo unaoyazaa huanza mapema. Samaki hukunjwa angali mbichi, na mazoea ya kutembea na kukimbia huota mizizi kwa namna hiyo.

Zipo pia stadi za msingi za mwendo, ambazo wataalamu huzigawa katika makundi matatu: kusogea (kukimbia, kuruka, kuchupa), kumudu vitu (kurusha, kudaka, kupiga teke), na kulinda uwiano wa mwili. Stadi hizi hazikomai zenyewe kwa kupita kwa miaka. Huhitaji mafunzo na marudio. Mtoto asiyezipata akiwa darasa la kwanza hadi la nne huanza kuona aibu uwanjani, hujitenga, na kwa kujitenga hukosa mazoezi ambayo yangemwendeleza. Mnyororo huo hukatwa kwa urahisi zaidi akiwa na miaka saba kuliko akiwa na kumi na minne.

Faida nyingine isiyotajwa sana inahusu macho. Katika jiji la Guangzhou nchini China, watafiti waliwaongezea wanafunzi wa darasa la kwanza dakika 40 za kuwa nje kila siku ya shule. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionesha kwamba baada ya miaka mitatu, watoto 30.4 kwa kila 100 katika shule hizo walikuwa wamepata tatizo la kutoona mbali, ikilinganishwa na 39.5 kwa kila 100 katika shule zilizoendelea na ratiba ya kawaida. Mwanga wa mchana unadhaniwa kupunguza kasi ya kurefuka kwa mboni ya jicho, hali inayosababisha tatizo hilo. Mtoto anayezuiwa darasani wakati wa mapumziko ili aandike hukosa mwanga huo.

Mchezo na akili inayojifunza

Hoja kubwa ya wanaopunguza muda wa michezo ni kwamba dakika zilizookolewa zitaongeza ufaulu. Ushahidi uliopo hauiungi mkono hoja hii.

Mwaka 2009, Charles Hillman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani waliwapima watoto 20 mara mbili: siku moja baada ya kukaa kimya, na siku nyingine baada ya kutembea kwa dakika 20 kwenye mashine ya mazoezi. Baada ya kutembea, watoto walijibu kwa usahihi zaidi jaribio la umakini, na walifanya vizuri zaidi katika ufahamu wa kusoma. Utafiti huo ulikuwa mdogo, na ulipima matokeo ya muda mfupi tu. Kwa hiyo kundi hilohilo lilifanya utafiti mkubwa zaidi, uliochapishwa mwaka 2014, ukihusisha watoto 221 wa umri wa miaka saba hadi tisa. Walioshiriki mazoezi ya baada ya masomo kwa miezi tisa waliwapita wenzao katika uwezo wa kujizuia na kubadili fikra kulingana na kazi iliyo mbele yao.

Uwezo huo ni sehemu ya kile ambacho wanasayansi hukiita utendaji wa kiutawala wa ubongo, yaani uwezo wa kushika jambo akilini wakati unalifanyia kazi, kuzuia jibu la haraka lisilo sahihi, na kuacha mbinu moja na kushika nyingine. Ni uwezo uleule unaohitajika mwanafunzi anapofumbua swali la Hisabati lenye hatua tatu.

Tuutazame mchezo wa rede kwa jicho hilo. Wachezaji wawili hurushiana mpira kutoka pande mbili, na aliye katikati huukwepa. Aliye katikati hukadiria kasi na mwelekeo wa mpira, huzuia mwili wake usiruke kabla ya wakati, hukumbuka hesabu aliyofikia, na hugeuka mara moja mpira unapotokea upande wa pili. Yote haya huyafanya akicheka. Mdako nao hufunza uratibu wa jicho na vidole, kwani mchezaji hurusha kokoto juu, huchota nyingine shimoni na kuidaka ile ya kwanza kabla haijaanguka. Vidole hivyo ndivyo vinavyoshika kalamu.

Haya hayamaanishi kwamba mchezo unaweza kuchukua nafasi ya kufundisha. Mtoto asiyefundishwa kusoma hatasoma kwa sababu amekimbia. Jambo ambalo ushahidi unaonesha ni kwamba dakika zinazotolewa kwa michezo hazipunguzi ufaulu, na mara nyingi humrejesha mtoto darasani akiwa na umakini zaidi.

Mchezo na malezi ya utu

Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, alitumia muda kuwaangalia watoto wa Geneva na Neuchâtel wakicheza gololi, akawauliza kanuni zao zilitoka wapi na kama zingeweza kubadilishwa. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1932 alieleza kwamba watoto wadogo huziona kanuni kama amri isiyogusika, ilhali wale wa miaka kumi na moja au kumi na mbili hufahamu kwamba kanuni ni makubaliano, na kwamba huweza kubadilishwa wote wakiridhia.

Mtu yeyote aliyesimama karibu na watoto wetu wanaocheza gololi ameyasikia mabishano hayohayo. Nani ameanza? Gololi imegusa au haikugusa? Mdogo apewe nafasi ya pili? Mtu mzima akiwahi kuingilia na kutoa hukumu, huwanyang'anya somo. Watoto wanapofikia mwafaka wenyewe hujifunza kusikiliza, kuvumilia kushindwa na kutimiza ahadi, kwa kuwa mwenye kudanganya hukosa wa kucheza naye kesho.

Mchezo pia hupunguza wasiwasi na huzuni. Mtoto aliyefiwa, au anayetoka katika nyumba yenye ugomvi, mara nyingi hukosa maneno ya kuyasema yaliyomo moyoni. Uwanjani hupata marafiki na muda wa kuwa mtoto.

Kiasi kinachohitajika

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unapendekeza kwamba watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wafanye mazoezi ya wastani hadi ya nguvu kwa wastani wa dakika 60 kila siku. Angalau siku tatu kwa juma mazoezi hayo yawe ya nguvu, pamoja na yale ya kuimarisha misuli na mifupa.

Kipimo chake hakihitaji mashine. Mazoezi ni ya wastani iwapo mtoto anaweza kuzungumza lakini hawezi kuimba; ni ya nguvu iwapo anamudu maneno machache tu kabla ya kuvuta pumzi. Dakika 60 si lazima ziwe za mfululizo. Mtoto anayetembea kwa haraka dakika 15 kwenda shule na 15 kurudi, akakimbizana kwa dakika 20 wakati wa mapumziko, na kuruka kamba dakika 10 jioni, amezitimiza. Anayepelekwa kwa gari la shule, akazuiwa darasani mchana na kukaa mbele ya runinga jioni, huenda hazifikii hata dakika 10.

Uchambuzi wa takwimu kutoka nchi 146 ulionesha kwamba mwaka 2016, asilimia 81 ya wanafunzi wa miaka 11 hadi 17 hawakufikia kiasi hicho. Kwa wasichana ilikuwa asilimia 85, na kwa wavulana asilimia 78.

Tofauti hiyo ya wasichana ina sababu zinazofahamika. Msichana akitoka shule husubiriwa na ndoo ya maji, kuni na mdogo wake wa kubebwa. Akianza kupata hedhi bila pedi ya uhakika wala choo chenye faragha, huacha kukimbia. Sketi ya shule humfanya aogope kuruka. Shule inaweza kuyatatua baadhi ya haya kwa gharama ndogo: kuruhusu suruali ya michezo, pamoja na ushungi kwa anayeuvaa; kutenga chumba cha kubadilishia nguo; na kuhakikisha kwamba uwanja hautawaliwi na wavulana wa darasa la saba pekee.

Somo la dakika 40 kwa darasa la watoto 80

Walimu wengi husema, kwa haki, kwamba darasa ni kubwa na mipira hakuna. Mpangilio ufuatao unahitaji kamba mbili, mipira minne ya matambara, mawe na vijiti vya kuchorea ardhini.

Dakika 3 za mwanzo ni za kupanga makundi manne ya watoto 20 na kuuliza kama yupo anayejisikia vibaya. Dakika 5 zinazofuata ni za kupasha mwili moto kwa kutembea, kukimbia polepole na kunyoosha viungo.

Kisha makundi huenda kwenye vituo vinne, dakika 6 kila kimoja, na dakika 1 ya kuhama kati ya kituo na kituo. Kituo cha kwanza ni cha kuruka kamba, cha pili ni cha kurusha na kudaka, cha tatu ni cha kukimbia kwa kupinda katikati ya mawe yaliyopangwa, na cha nne ni cha kusimama kwa mguu mmoja na kutembea juu ya mstari uliochorwa. Kila kituo huongozwa na kiranja aliyeelekezwa mapema, huku mwalimu akizunguka. Dakika 5 za mwisho ni za kupoza mwili na kuzungumza: nini kilikuwa kigumu, nani amemsaidia mwenzake?

Epuka michezo inayomtoa nje anayeshindwa. Mtoto dhaifu, ambaye ndiye anayehitaji mazoezi zaidi, hutoka wa kwanza na kukaa kivulini. Afadhali apoteze alama na aendelee. Kwa mtoto mwenye ulemavu, badili kanuni kabla ya kumbadilisha yeye kuwa mtazamaji: asiyeona vizuri apewe mpira wenye kokoto ndani unaolia, na anayetumia kiti cha magurudumu arushe kutoka karibu zaidi.

Maji ya kunywa yawepo, na kipindi kipangwe asubuhi au alasiri jua likipungua. Mtoto aliyeshinda na njaa asilazimishwe mazoezi ya nguvu. Uji wa shule ni sehemu ya somo la michezo.

Uwanja kama chumba cha uchunguzi

Mtoto mgonjwa huweza kukaa darasani siku nzima bila mtu kutambua. Akiingia uwanjani, mwili hudai hewa na damu zaidi, na kasoro iliyofichika hujitokeza. Mwalimu wa michezo anaweza kuwa wa kwanza kuziona dalili zifuatazo.

Mtoto anayechoka kabla ya wenzake, mwenye viganja na midomo iliyopauka, huenda ana upungufu wa damu. Sababu zake za kawaida kwetu ni malaria, minyoo ya safura, kichocho, lishe duni na selimundu. Anayekohoa au kutoa sauti ya filimbi kifuani baada ya kukimbia huenda ana pumu. Anayekimbia kidogo kisha huchuchumaa ili apate nafuu, hasa midomo ikiwa na rangi ya buluu, huenda alizaliwa na kasoro ya moyo. Anayeanza kuishiwa pumzi ilhali zamani alikuwa mchezaji hodari, na aliwahi kuumwa koo na viungo, achunguzwe kwa ugonjwa wa moyo wa rumatiki. Anayezimia au kupata maumivu ya kifua katikati ya mazoezi asirudi uwanjani kabla ya kuonwa na daktari.

Kumtambua mgonjwa kusiwe sababu ya kumfungia nje ya michezo maisha yake yote. Mwenye pumu iliyodhibitiwa hucheza, akiwa na dawa yake ya kuvuta karibu. Mwenye selimundu hucheza kwa kiasi chake, akinywa maji mara kwa mara, akipumzika anapohitaji, na akikingwa dhidi ya baridi na uchovu uliopitiliza. Mwenye kifafa hucheza na wenzake, ila asipande mahali pa juu wala asiogelee bila mwangalizi. Aliyegongwa kichwa akapata kizunguzungu, kutapika au kusahau, atolewe mchezoni siku hiyo na apelekwe kituo cha afya.

Mazoezi yasitumiwe kama adhabu

Bado zipo shule ambako mwanafunzi aliyechelewa hurushwa kichura, hupiga pushapu au huzungushwa uwanja mara kadhaa. Desturi hii ina madhara ya aina mbili. La kwanza ni la mwili: kazi nzito ya ghafla katika jua huweza kujeruhi misuli, na kwa mtoto mwenye selimundu huweza kuamsha maumivu makali yanayomlaza hospitalini. La pili hukaa muda mrefu zaidi. Mtoto huunganisha mazoezi na fedheha, na baada ya miaka thelathini, daktari akimshauri afanye mazoezi ili kudhibiti shinikizo la damu, atakuwa anapendekezewa kitu alichofundishwa kukichukia.

Kumnyima mapumziko ni upande mwingine wa kosa hilohilo. Anayeshindwa kutulia darasani mara nyingi ndiye ambaye mwili wake unahitaji kukimbia, na akizuiwa kutoka, kipindi kinachofuata huwa kigumu zaidi kwake na kwa mwalimu.

Hitimisho

Shule haihitaji uwanja wa nyasi ili ianze. Inahitaji eneo lililosafishwa mawe na vioo, mwalimu anayekiheshimu kipindi, na kamati inayokataa kiwanja cha watoto kisimegwe kwa ajili ya vibanda vya biashara. Mzazi naye ana sehemu yake: saa moja ya jioni ambayo mtoto, wa kike na wa kiume, hatumwi popote. Michezo ya UMITASHUMTA huonesha vipaji vya wachache na inastahili kuendelezwa, lakini kipimo cha afya ya shule ni mtoto wa mwisho katika mbio, kama naye alikimbia leo.

Maswali ya kujadili katika kikao cha shule

1. Katika juma lililopita, ni vipindi vingapi vya michezo vilivyofundishwa kati ya vilivyopangwa, na vilivyoachwa viliachwa kwa sababu gani?

2. Ni watoto gani hawaonekani uwanjani wakati wa mapumziko, na ni nani ameuliza kwa nini?

3. Ni adhabu zipi shuleni kwetu zinazotumia mazoezi au zinazomnyima mtoto mapumziko, na zitabadilishwa na nini?

4. Mtoto akizimia uwanjani leo, nani atamhudumia, na kituo cha afya kilicho karibu kitafikiwaje?